Kitambaa cha Mistari Yenye Ukungu

Tarehe 4 Februari

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na kwamba unalala vizuri. Mimi mzima, ila baridi ya huku inanitafuna masikio. Mwambie Baba koti alilonipa linanifika magotini, watu wananicheka mtaani, na silivui ng'o.

Baba ameniambia hutapokea simu yangu. Amesema, na nadhani ni maneno yako mwenyewe, kwamba nikiwa na la kusema niliandike, maana kwenye karatasi siwezi kukukatiza. Haya, nimekaa naandika. Na wewe pia hutaweza kunikatiza, kwa hiyo tumelingana.

Ulinikataza kuja, nikaondoka bila kukuaga. Kwa hilo naomba radhi. Kuondoka kwenyewe siombi radhi, wala usisubiri.

Karakana ninayojifunzia iko ghorofani, juu ya fundi baiskeli. Ngazi ni za mbao na kila moja ina kelele yake. Ndani kuna mitambo minne ya kufumia, dirisha moja kubwa, na nyuma kibaraza chenye mapipa ya rangi. Tuko wanafunzi watatu. Mwalimu ni mwanamke wa Kijapani, mfupi, amekuzidi umri, na asipokuwepo tunamwita Bibi Fundo. Haongei sana. Ukikosea anagonga meza kwa rula, ukipatia hasemi kitu. Kwa hilo mngeelewana.

Anachofundisha kinaitwa kasuri. Sisi nyumbani tunanunua uzi ukiwa tayari na rangi, tunaupaka uji uwe mgumu usikatike, halafu tunautandika kwenye mtambo. Wao wanaanza na uzi mweupe. Wanaunyoosha mtande mzima, yaani zile nyuzi za urefu, kwenye fremu. Wanatia alama ya wino pale panapotakiwa kubaki peupe, kisha wanapafunga, fungu kwa fungu, wanabana mpaka rangi isipenye. Ndipo mtande unachovywa kwenye nili, ile rangi ya bluu ya majani. Ukikauka wanafungua mafundo, na mchoro unakuwa umeshakaa kwenye nyuzi kabla hujapitisha hata mshindio mmoja, ule uzi wa upana. Ukifuma, kingo za mchoro hazitoki kali. Nyuzi mamia haziwezi kukaa zote pamoja bila moja kusogea kidogo, kwa hiyo kingo zinatoka na ukungu. Huo ukungu ndio wanaoutafuta, Shangazi. Wanausotea miaka.

Unajua kwa nini nakueleza haya yote. Mwaka jana kwenye ukaguzi wa Chama cha Wafumaji, wewe ukiwa mwenyekiti, ulikiinua kitambaa changu mbele ya watu wote, ukasema mistari imelewa, ukachukua mkasi ukakata pembe. Kikishakatwa pembe hakipati muhuri, na kisicho na muhuri hakuna duka linalokipokea. Sasa nimekuja mahali ambapo mistari iliyolewa ina mwalimu wake. Nitakaa hadi mwisho wa Oktoba, na nitaweka kingine kwenye meza ile ile.

Mbishi wako


Tarehe 2 Machi

Mbishi,

Marahaba. Barua yako haikuchelewa posta, ilichelewa kwenye mfuko wa suruali ya baba yako. Siku tisa. Ningeifua pamoja na suruali kama nisingesikia karatasi inalia.

Huku wote wazima. Goti linanidanganya, leo zuri kesho baya. Paka amezaa ndani ya kapu la uzi, watoto watano, na ameuchagua uzi mweupe ule mzuri kana kwamba aliambiwa bei yake. Nimeshindwa kumhamisha. Jirani mwenye redio amenunua nyingine kubwa zaidi, kwa hiyo hata wewe ukitega sikio huko uliko labda unaisikia.

Sasa na mimi niseme yangu. Ukaguzi ni tarehe kumi na mbili Septemba kama kila mwaka. Ukiwa hujarudi kabla ya siku hiyo, kiti chako kwenye mtambo nakitoa. Dada yake Katibu wa chama ameshaniomba mara mbili. Ana mkono mzito, lakini ni mtu mzima anayesikia anachoambiwa, na mimi nimechoka kufundisha watu wanaojua kila kitu.

Na hao watu wako. Mtu na akili zake timamu anafunga uzi mafundo elfu, halafu anakaa kuyafungua. Hata tukikosa kazi mwaka mzima hatutafika huko. Kingo zenye ukungu mbona ninazo hapa, nazipata bure kila mtu akisinzia kwenye mtambo. Mama yangu alinifundisha mstari unaoweza kuupima kwa rula, na nimeusimamia miaka thelathini na moja kwenye meza ile. Sitaanza uzeeni kumwambia mtu kwamba kosa ni pambo.

Kula. Ulikuwa umekonda hata kabla hujaondoka.

Shangazi yako

Hayo mafundo wanafungia nini? Nauliza tu, nijue wanaharibu kitu gani.


Tarehe 11 Aprili

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa nimenuna, na sikutaka uusikie mnuno wangu kwenye karatasi. Natumaini watoto wa paka wanatembea sasa. Mniachie mmoja. Mwambie Baba aache kutembea na barua za watu mfukoni.

Acha nikueleze kilichonipata. Nilifunga mtande wangu wa kwanza siku kumi na tisa. Mafundo elfu moja na mia mbili, yote kwa kidole hiki na kile, mpaka ngozi ikabanduka. Wenzangu walikuwa wamemaliza nusu. Nikajisemea, hawa hawajui nimetoka nyumba gani. Kabla ya kuufunga nilifanya kama ulivyonifundisha, nikaupikia uji, nikaupaka vizuri, nikauanika. Bibi Fundo aliniona, Shangazi. Alisimama mlangoni akanitazama nikipaka, na hakugonga meza.

Nikachovya. Mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Rangi ikagoma. Mahali imeshika, mahali imeteleza, mtande mzima ukawa na mabaka kama ukuta unaovuja. Siku ya tatu Bibi Fundo akachukua uzi mmoja, akautia mdomoni, akautafuna taratibu. Akasema neno moja la kwao. Mwenzangu mmoja mrefu tunayemwita Ngazi ndiye aliyenitafsiria: "Huu ni chakula."

Wakacheka wote. Mimi nilikaa sakafuni na mtande wangu mapajani nikakukasirikia wewe. Miaka kumi na miwili unaniambia uji kwanza, uji kwanza, na hukuwahi kuniambia uji unazuia rangi. Nyumbani uzi unakuja na rangi yake, kwa hiyo uji hauna la kuzuia, na nani angejua. Kile kitambaa changu cha mwaka jana, nilichokifunga na kukichovya mwenyewe, kilishika rangi kwa bahati tu. Sikukipaka uji kwa sababu nilikuwa nakuficha, na uji unapikwa jikoni kwako.

Nimeanza upya. Uzi mweupe, umechemshwa, umeoshwa, hauna kitu. Kwa hiyo sirudi kabla ya ukaguzi. Kiti mpe unayetaka kumpa. Linaniuma kuliandika hilo, usidhani haliniumi. Kile kiti nimekikalia tangu nina miaka kumi na minne. Lakini nikirudi sasa nitarudi kama mtu aliyekatwa pembe, na sitaki.

Wanafungia nyuzi za gome la mmea fulani unaofanana na katani. Wanaziloweka kwanza. Zikilowa zinavimba na kubana zenyewe. Fundo zuri ni lile ambalo ukucha haupiti chini yake. Haya, sasa unajua wanaharibu kitu gani.

Mbishi


Tarehe 20 Mei

Mbishi,

Marahaba. Baba yako alipata mafua akajifanya anakufa kwa siku mbili, kisha akaamka akaomba chai. Watoto wa paka wamegawiwa, umebakiwa na mmoja mwenye jicho la hasira, nimeona anakufaa. Goti nisiulizwe.

Uji wa nyumba hii ni uji wa mama yangu na haujawahi kumkosea mtu adabu. Wewe ndiye uliyeupeleka mahali usikoalikwa. Ulipaswa kufikiri. Nilikufundisha kufuma, sikukufundisha kuacha kichwa nyumbani.

Dada yake Katibu amekaa kwenye kiti chako tangu mwanzo wa mwezi. Anakaa wima. Haongei. Anafuma mistari minyoofu hata ukimwangalia unasinzia. Kila jioni anapita kwa kaka yake kumweleza tumefanya nini, hilo nalijua na yeye anajua kuwa najua.

Sasa kuna jambo moja dogo. Kuna mtu hapa mtaani, huna haja ya kujua ni nani, anajaribu mambo haya ya mafundo kwa ujinga wake. Amefunga vizuri, ukucha haupiti. Amechovya mara tano na bado rangi ni ya maji ya kuoshea vyombo, tena ina mabaka. Nimemwambia aache. Hataki kusikia. Ukiwa na nafasi, niandikie kosa lake liko wapi nimpelekee, aniondokee.

Samahani kwa uchafu kwenye karatasi. Kalamu inavuja.

Shangazi yako


Tarehe 30 Juni

Kwa Shangazi,

Shikamoo, na pole na goti hata kama nimekatazwa kuuliza. Mwambie Baba nimefurahi amefufuka.

Nimeutazama uchafu wa kwenye karatasi. Kalamu yako inavuja alama za kidole gumba, Shangazi, tena inavuja nili. Nimemwonyesha Bibi Fundo. Ameinusa karatasi, akanitazama, akainusa tena. Kisha ameandika majibu ya yule mtu wako wa mtaani kwenye kipande cha daftari, na mimi nimeyatafsiri hapa kwa msaada wa Ngazi.

Mara tano ni kunawa mikono. Mtande unachovywa mara ishirini, na kila ukitoka pipani unakamuliwa na kuachwa hewani mpaka kijani kiishe na bluu ije. Hewa ndiyo inayoleta bluu, pipa peke yake halitoshi. Pipa lenyewe litunzwe likiwa na joto, lilishwe pumba na majivu, na likorogwe mpaka povu lionekane juu. Likinuka vibaya ujue liko hai. Lisiponuka ndipo uwe na wasiwasi.

Kuhusu mabaka nina swali langu la kumpelekea huyo mtu. Je, aliupaka uji?

Basi, nimekutania vya kutosha, na sasa sitanii. Silali kwa ajili ya hili na sitaki unipige chenga. Mwaka jana ulikishika kitambaa changu muda mrefu kuliko vingine vyote. Nilikuwa nimekaa nyuma ukumbini, nilikuona. Ulikigeuza, ukapitisha kidole kwenye ule mchoro mweupe, ukakigeuza tena. Mtu anayeona kosa hahitaji muda wote ule. Halafu ukakata. Ulikuwa unatazama nini? Nijibu hilo moja tu. Mengine yote tunaweza kugombana mpaka tuzeeke.

Mbishi


Tarehe 2 Agosti

Mbishi,

Marahaba. Wote wazima.

Ndiyo. Aliupaka uji.

Dada yake Katibu ameondoka. Amesema nyuma ya karakana yetu kuna kitu kimeoza na hawezi kufuma huku ameziba pua. Nimemwambia hakuna kilichooza. Kiti kiko wazi, lakini kuwa wazi hakumaanishi ni chako.

Swali lako nimeliona.

Shangazi yako


Tarehe 23 Agosti

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mtu wako wa mtaani anaendelea vizuri na bluu imekuja.

Umeliona swali langu na umeliruka. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta jibu nyuma ya karatasi. Nimekasirika, nakwambia wazi. Ningekuwa karibu ningekuja kusimama mlangoni kwako mpaka uniambie.

Lakini kitambaa nimekimaliza. Mafundo elfu mbili na mia tatu, uchovyaji ishirini na mbili, mwezi mzima kwenye mtambo. Na huo ni mtande tu, wapo wanaofunga na mshindio pia ili mchoro ukutane katikati, mimi sijafika huko. Ni miraba midogo myeupe inayoshuka kwenye bluu nzito, na kila mraba una ukungu wake kidogo pembeni. Nilikikata kutoka kwenye mtambo nikakitandaza mezani. Bibi Fundo alikitazama mbele na nyuma, akakikunja, akanirudishia, akaenda kuchemsha maji. Ngazi aliniambia kwamba mwanafunzi wa mwisho kurudishiwa kitambaa bila rula kugonga meza alikuwa ni miaka minne iliyopita. Nilikwenda kibarazani nikalia peke yangu, nikarudi.

Nimekitia posta leo. Kiweke mezani tarehe kumi na mbili kwa niaba yangu, bado mimi ni mwanachama. Ukitaka kukikata, kikate. Lakini safari hii kikate huku ukijua kilivyotengenezwa, maana nimekueleza kila hatua kwa miezi saba na hutaweza kusema hukujua.

Mbishi


Tarehe 25 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Kaa kitako, barua hii ni ndefu, na goti langu limekubali kukaa nalo kwa sababu halina pa kwenda. Baba yako mzima. Paka wako anakamata panya wakubwa kuliko yeye.

Kifurushi chako hakikuwa kimefika tarehe kumi na mbili. Nilikwenda posta siku tano mfululizo. Yule wa dirishani alikuwa akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijafika. Asubuhi ya ukaguzi nilikwenda tena wakafungua mlango nikiwa nimesimama nje. Hakuna kitu.

Basi nikarudi nyumbani nikachukua cha kwangu.

Ndiyo, nilikuwa nacho. Usicheke. Kilikuwa kimekamilika wiki mbili, nimekificha chini ya godoro kama mwizi. Ni kidogo, hakifikii urefu wa meza, na nimekifuma mistari mitatu tu myeupe kwenye bluu kwa sababu vidole vyangu havina subira ya miraba. Ufunguo wa ukumbi ninao mimi, kwa hiyo nilifika wa kwanza, nikakiweka katikati ya vingine. Unajua vinawekwa bila kujulikana ni vya nani. Nikaenda kukaa mahali pangu na mkasi mbele yangu.

Katibu alikuwa anainua kimoja kimoja. Alipofika kwa changu akakitandaza hewani na ukumbi ukaanza kunong'ona. Akasema aliyefuma hiki alikuwa amefumba macho. Wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa pale, mwenyekiti wao, masikio yananiwaka moto, nikawaza hivi ndivyo ulivyokuwa unasikia wewe kule nyuma. Sikuwahi kuliwaza hilo hata siku moja. Wajumbe saba wakainua mikono kukikataa. Sita kwa kweli, yule mzee anayetengeneza vitana vya mitambo hakuinua. Katibu akakileta mbele yangu akanisogezea mkasi.

Umeniuliza nilikuwa natazama nini. Nikujibu. Nilikuwa natazama kitu kizuri ambacho sikujua kimefanyikaje. Miaka thelathini na moja nimekaa kwenye meza ile sijawahi kuletewa kitambaa nisichoweza kukisoma, nikifika kwenye ukingo nishajua nani kafuma na alikuwa na hasira au la. Hicho chako kilinishinda. Nikatafuta kosa nisilione, nikaogopa. Halafu nilipoona ni mkono wako, mtoto niliyemfundisha kushika uzi, nikaona aibu mbele ya watu, nikakata. Nilikata kwa woga, mwanangu. Kanuni ilikuwa kisingizio. Nimekaa na hilo mwaka mzima na nilikuwa tayari kuzikwa nalo kuliko kukuandikia. Nisamehe.

Nikasimama. Nikasema, "Hiki ni changu, na sikikati."

Katibu akainuka naye. Akasema, kwa heshima zote, kanuni ni kanuni, Mama Mwenyekiti, na ni wewe uliyetufundisha.

"Niliwafundisha vibaya," nikamwambia.

Nikakunja kitambaa changu, nikatia mkasi kwenye mkoba, nikatoka kwa mlango wa mbele na goti langu hili. Mkasi ni wa chama, najua. Waje wauchukue.

Siku tatu baadaye wakanivua uenyekiti, na wiki ile ile wakafuta karakana yetu kwenye daftari la chama. Hatuna muhuri tena. Vitambaa vyetu vyote, hata vile vya mistari minyoofu, maduka yamevirudisha. Wafumaji wawili waliokuwa wanakaa mitambo ya dirishani wameambiwa wachague, wamechagua, siwalaumu, wana watoto. Sasa hivi niko peke yangu na mitambo mitatu, na redio ya jirani. Nakwambia hivi ujue hali, si unionee huruma. Nina umri wa miaka sitini na tatu na sijawahi kuamka asubuhi na hamu ya kazi kama sasa. Nimelilisha pipa pumba kabla ya kukuandikia.

Kifurushi kilifika tarehe kumi na sita. Nilikifungua nikiwa nimesimama palepale posta. Mraba wa tatu kutoka ukingo wa kushoto, safu ya kumi na moja, umesogea zaidi ya wenzake. Nimeuona. Mingine yote niliitazama nikiwa kwenye kiti alichonipa yule wa dirishani, mpaka akafunga posta. Nimekitundika ukutani karibu na mlango wa mbele, mlango nauacha wazi, na kila anayepita barabarani lazima akione. Katibu amepita mara nne.

Kwa hiyo sikiliza, na safari hii nisikilize kweli. Usirudi Oktoba. Umesema kuna wanaofunga mtande na mshindio pia, mchoro ukutane katikati. Kaa ujifunze na hilo. Huku hakuna muhuri, hakuna duka, hakuna mtu atakayekaa karibu nawe kwenye mkutano. Haya niliyaanza mimi, niache niyabebe mimi. Mwombe Bibi Fundo akuongezee mwaka. Hii ni amri ya shangazi yako.

Shangazi yako


Tarehe 9 Oktoba

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Niko mzima na naandika haraka kwa sababu mizigo mikubwa iko mlangoni, inatangulia.

Barua yako niliisoma ngazini, nikakaa hapohapo, watu wakawa wananiruka kupita. Nilipofika kwenye lile neno nililokuwa nalisubiri mwaka mzima nililia kwa sauti, fundi baiskeli akatoka kuuliza nani kafiwa. Nimekusamehe. Nadhani nilikuwa nimeshakusamehe siku nilipoona kidole gumba, ila sikutaka kukwambia mapema ukapata kichwa.

Nimemsomea Bibi Fundo habari za ukumbini, Ngazi akitafsiri. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja, wewe Shangazi una umri gani. Nikamwambia. Akatoka, akarudi na furushi la nyuzi za gome za kutosha miaka mitatu, akaniwekea juu ya begi. Habari ya mshindio amesema nitaweza mwenyewe kwa kukosea, kama kawaida yangu.

Ulinikataza kuja huku, nikaja. Ukaniamuru nirudi Septemba, sikurudi. Sasa unaniamuru nibaki, na wewe unanijua. Eti unabeba peke yako. Nani kakwambia unaruhusiwa? Kile kitambaa cha kwanza kilikuwa changu, na pembe iliyokatwa ilikuwa yangu.

Nafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, asubuhi. Usije kunipokea na goti hilo, mtume Baba, na umkague mifuko kwanza.

Mwakani tarehe kumi na mbili Septemba tutakwenda ukumbini wote wawili, tuwe tumefutwa tusifutwe, tualikwe tusialikwe. Tutaweka vitambaa vyetu juu ya meza, chako na changu, vimetandazwa wazi. Sitakaa nyuma. Nitasimama pale pale mezani karibu nawe, mkono mmoja juu ya kitambaa chako, na atakayetaka kukikata ataukuta mkono wangu.

Mbishi wako